Milivolti 18

Mkondo wa umeme kwenye kihisi chetu ulikuwa umetulia kwenye nanoampea 10 kwa dakika 20 nzima. Nikafungua vali, sampuli ikaingia kwenye mfereji, na baada ya sekunde chache mstari wa kijani kwenye skrini ukaanza kuteremka. 9.5. 9. 8. Ukafika 7 na ushei, ukalala hapo, umetulia kama maji ya mtungini.

Niliupiga picha kwa simu kabla hata ya kuhifadhi faili.

Kilichokuwa ndani ya sampuli ni troponini I, protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo inapoumia. Kwenye pH 7.4 inabeba chaji chanya. Kihisi chetu ni nanowaya, uzi mwembamba sana uliofunikwa kingamwili za kuikamata troponini. Ni wa silikoni iliyotiwa boroni, kwa hiyo umeme ndani yake unabebwa na matundu, yaani nafasi zilizoachwa na elektroni, zenye chaji chanya. Chaji chanya ikitua juu yake, matundu yanasukumwa mbali na mkondo unapungua. Nadharia ilisema utashuka, ukashuka. Ungekuwa wewe ungetilia shaka?

Mimi sikutilia. Wiki tatu baadaye ndipo kitu kilipoanza kunikereketa, na hadi leo naandika haya bado sijakimeza vizuri.

## Grafu isiyo na kasoro

Tulikuwa na chupa ya troponini ya mikromola 1. Hicho ni kipimo cha wingi wa molekuli kwenye kimiminika: nanomola ni sehemu ya elfu ya mikromola, na pikomola ni sehemu ya elfu ya nanomola. Nilichukua mikrolita 10, nikazitia kwenye mikrolita 990 za bafa, yaani maji ya chumvi yenye pH isiyoyumba, nikapata nanomola 10. Kutoka hapo nikazimua kwa kumi kumi: nanomola 1, pikomola 100, pikomola 10. Aliyewahi kushika pipeti anaijua ngazi hii.

Kwenye nanomola 10 mkondo ulishuka kwa asilimia 29. Kwenye nanomola 1, asilimia 4 na nusu. Kwenye pikomola 100, nusu asilimia, na hapo kelele za kifaa zikaanza kumeza kila kitu. Nukta tatu zimejipanga kwa adabu, dozi kubwa kwa mshuko mkubwa, dozi ndogo kwa mdogo. Nikachora grafu, na chini yake nikaandika kwamba kihisi kinatambua troponini hadi chini ya nanomola 1.

Lilikuwapo jambo moja nililoliona na kulipachika jina zuri. Kila nilipopitisha tena bafa safi, mkondo ulipanda na kurudi karibu palepale ulipoanzia, ndani ya nusu dakika. Kwenye daftari nikaandika: "Kihisi kinajisafisha chenyewe."

Kinajisafisha!

Kingamwili nzuri ikishaikamata protini yake haiiachii kwa nusu dakika; inaweza kuing'ang'ania kwa saa kadhaa. Nilijua hilo. Nimewahi kuwaeleza wengine hilo, tena kwa kujiamini. Lakini siku ile niliitaka grafu kuliko nilivyotaka kujua, na mtu akishakuwa katika hali hiyo hakosi maneno ya kuipamba.

## Tuache asilimia

Kilichonianzishia shaka ni kazi ndogo ya kuchosha. Chipu moja ilionyesha mshuko wa asilimia 29, nyingine asilimia 11, ya tatu asilimia 20 na kitu, kwa sampuli ileile. Nikadhani ni kingamwili: huenda zimeshika vizuri chipu hii na vibaya ile.

Kisha nikakumbuka kwamba asilimia inategemea pale ulipoiegesha transista yako. Nanowaya ni transista: volteji ya geti, ambayo kwetu ni kimiminika chenyewe, inaamua mkondo upite kiasi gani, na kizingiti ni volteji ambapo transista inafunguka. Chini ya kizingiti, mkondo hubadilika kwa kuzidishwa: volteji kidogo tu kwenye geti, na mkondo unaruka. Juu ya kizingiti, volteji hiyohiyo inautikisa kidogo sana. Kundi la Charles Lieber lilionyesha mwaka 2010 kwamba eneo la chini ya kizingiti ndilo lenye usikivu mkubwa, na ndiyo sababu nami nilikuwa nikifanya kazi huko. Lakini usikivu huo ni kipaza sauti. Haukuambii aliyesema alisema kwa nguvu kiasi gani.

Kwa hiyo nikachukua mkunjo wa kila waya, mkondo dhidi ya volteji ya geti, nikajiuliza: geti ingesogezwa kiasi gani ili mkondo ushuke hivi? Waya wangu wa kwanza ulihitaji milivolti 120 kuupunguza mkondo mara kumi. Mshuko wa asilimia 29 ukawa milivolti 18.

Chipu ya pili: 18. Ya tatu: 17 na nusu.

Nilifurahi, naomba nikiri. Niliona chipu tatu zenye tabia tofauti zikitoa jibu moja, nikasema kumbe kingamwili zimekaa sawasawa. Nukta zote nikazigeuza: 18, kisha 2.4, kisha 0.25. Nikazipeleka kwenye kikao cha Ijumaa.

## "Logi ya mbili ni ngapi?"

Kuna mama mmoja mkemia tunayefanya naye kazi, mtu mzima, mpole kwa kila mtu isipokuwa watu wa umeme. Aliitazama slaidi yangu muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akauliza, "Mwanangu, hiyo 18 umeipata kwenye chipu zote?"

"Zote, mama. Ndiyo raha yake."

"Raha gani? Kingamwili hazijawahi kukaa sawasawa kwenye chipu tatu tangu dunia iumbwe. Hamsini na tisa zidisha kwa logi ya mbili, unapata ngapi?"

Nikatoa simu. 59 mara 0.301.

17.8.

"Sasa," akasema, akikusanya karatasi zake, "katafute ni kitu gani humo ndani kimekuwa maradufu."

## Chumvi ya kwenye chupa

Haikuchukua siku. Lebo ya chupa ilikuwa na maandishi madogo: troponini imehifadhiwa kwenye bafa ya fosfeti yenye chumvi ya kawaida, ile inayokaribiana na chumvi ya mwilini. Bafa niliyokuwa nikipitisha kwenye mfereji ilikuwa hiyohiyo, lakini imezimuliwa mara 100.

Piga hesabu. Mikrolita 10 za bafa nzito ndani ya mikrolita 990 za bafa iliyozimuliwa mara 100. Zile 10 zinaleta chumvi sawa na iliyomo ndani ya zile 990 zote. Sampuli yangu ya nanomola 10 ilikuwa na chumvi mara mbili ya bafa iliyoitangulia. Ile ya nanomola 1 ilizidi kwa asilimia 10. Ile ya pikomola 100, kwa asilimia 1. Ngazi niliyodhani ni ya troponini ilikuwa pia ngazi ya chumvi, hatua kwa hatua, na hakuna namna ya kuzitenganisha kwa kutazama grafu.

Na aliyeisikia chumvi hiyo hakuwa nanowaya hata kidogo. Elektrodi rejea, ile inayoweka volteji ya kimiminika, kwetu ilikuwa uzi wa fedha uliopakwa kloridi ya fedha, mtupu, umechomekwa moja kwa moja kwenye kimiminika. Elektrodi kamili ina chumba chake cha kloridi ya potasiamu, iliyojaa kiasi kile kile siku zote, kwa hiyo haijali kinachopita nje. Uzi mtupu unajali. Kloridi iliyomo kwenye chumvi ikiongezeka mara kumi, potenshali ya uzi inasogea kwa milivolti 59. Ikiongezeka mara mbili, 17.8. Tuliuchagua kwa sababu unaingia kwenye mfereji mwembamba na elektrodi kamili haiingii. Sababu ya seremala kabisa.

Mwelekeo nao ulinisaliti. Kloridi ikipanda, kimiminika kinakuwa na potenshali ya juu kuliko ile niliyodhani nimeiweka, na kwa waya wa matundu hiyo maana yake ni mkondo kushuka. Upande uleule ambao troponini yenye chaji chanya ingeupeleka. Ingekuwa protini ya chaji hasi, mambo mawili yangepingana na ningeshtuka siku ya kwanza.

Ile "kujisafisha" nayo ikajieleza. Chumvi ikioshwa imeoshwa.

Jioni ile nilichukua mikrolita 10 za bafa nzito isiyo na kitu, nikazitia kwenye mikrolita 990, nikafungua vali. Mstari wa kijani ukateremka. 9.5. 9. 8. Ukasimama kwenye 7.1.

Humo ndani hamkuwa na troponini hata moja.

## Miaka ya kukondesha waya

Kosa lenyewe ni la aibu, lakini si la ajabu. Mwanafunzi makini angelikamata. Kilichonikaa moyoni ni swali lingine: muda wote ule akili yangu ilikuwa wapi?

Ilikuwa kwenye waya. Sisi tunaofanya kazi hii tumelelewa na hadithi moja. Mwaka 1970 Piet Bergveld aliondoa geti ya chuma kwenye transista na kuweka kimiminika mahali pake. Mwaka 2001 Yi Cui, Lieber na wenzao walionyesha nanowaya wa silikoni ukisikia pH, kisha ukisikia protini ya streptavidini hadi pikomola. Mwaka 2004 ikaja taarifa ya kirusi kimoja kimoja cha mafua kikitua na kuondoka juu ya waya. Mwaka 2005, vialama vya saratani, yaani protini zinazoiashiria, kwenye fentomola, sehemu ya elfu ya pikomola. Ukisoma mfululizo huo ukiwa kijana unatoka na wazo moja kichwani: waya ukikonda, uso wake unazidi kuwa mkubwa ukilinganisha na mwili wake, na molekuli moja inatosha kuziba njia. Basi kondesha.

Nikakondesha. Nilianza na nanomita 80, nikashuka 50, nikashuka 30. Uigaji wa kompyuta ulinisifu kila hatua, maana nilikuwa nikiupima kwa asilimia. Nilipoyarudia matokeo yote kwa milivolti, hadithi ikapinda. Waya wa 30 ulitoa milivolti zilezile za waya wa 50. Kilichoongezeka kweli ni kelele: ndani ya waya mwembamba vibeba chaji ni vichache, kwa hiyo kila tundu linalonaswa na kasoro ya oksidi na kuachiwa linaonekana kwenye mkondo. Miezi saba ya kazi ya chumba safi, na nilikuwa nimetengeneza sikio kubwa lenye mluzi ndani yake.

Mambo yanaamuliwa nje ya waya, kwenye nanomita chache za maji zinazougusa. Ioni za chumvi hukimbilia kila chaji na kuizingira hadi isionekane, na umbali ambao chaji bado inaonekana ndio tunaouita urefu wa Debye. Kwenye bafa ya kawaida ni kama nanomita 0.7. Kingamwili nzima ina urefu wa nanomita 10 hivi. Troponini iliyoshikwa kwenye ncha yake iko mbali mara kumi na zaidi ya umbali huo. Inaweza kuwa pale, imekamatwa barabara, na waya usijue. Eric Stern, Mark Reed na wenzao wa Yale walilipima hili mwaka 2007 kwa kubadilisha chumvi hatua kwa hatua, na ni mojawapo ya makala ambazo kila mtu anazitaja na wachache tunazitii.

Ndiyo maana tuliizimua bafa mara 100: urefu wa Debye unaongezeka mara kumi, unafika nanomita 7 na kitu.

Hapo ndipo mtego ulipo, na ndipo ninaporudi kila usiku. Tungefanya kazi kwenye bafa nzito, zile mikrolita 10 kutoka kwenye chupa zisingebadilisha chochote. Chumvi juu ya chumvi ileile. Tuliizimua ili waya usikie, na kwa kuizimua tukaifanya kila punje ya chumvi inayoingia na sampuli iwe na kelele kuliko protini yenyewe.

## Molekuli 600

Wakati nikirekebisha haya, nilifanya hesabu nyingine ambayo nilikuwa nikiikwepa. Fentomola 1 ni takribani molekuli 600 kwenye mikrolita moja, yaani kwenye mchemraba wa milimita moja kila upande. Zigawanye sawasawa: kila molekuli iko mikromita 120 hivi kutoka kwa jirani yake. Waya wangu una unene wa nanomita 50.

Protini haina miguu. Inasukumwasukumwa na maji huku na huko, na kwa protini ya kawaida kusafiri milimita moja kwa njia hiyo kunachukua zaidi ya saa nzima. Sasa ngoja mojawapo ya zile 600 ipotee njia hadi iugonge waya huo. Paul Sheehan na Lloyd Whitman walilipigia hesabu mwaka 2005: kihisi kidogo cha ukubwa wa nano, kwenye fentomola, kinahitaji saa hadi siku kukusanya molekuli za kutosha, usipokisaidia kuzileta.

Kwa hiyo waya ukikonda unasikia vizuri zaidi, na unapata wa kuwasikia wachache zaidi. Ishara yangu ya milivolti 18 ilikuja kwa sekunde chache. Hiyo peke yake ingetosha kunishtua, kama ningeitazama saa badala ya kuutazama mstari.

## Nilichobadilisha

Kwanza, troponini inahamishiwa kwenye bafa ileile ya mfereji kabla haijakaribia chipu, na tunapima upitishaji umeme wa kila sampuli pembeni, kwa kifaa cha kawaida cha mezani, kuhakikisha zinalingana. Kazi ya dakika tano. Elektrodi rejea sasa ni kamili, imekaa nje, kwenye njia ya kutokea maji.

Pili, kila chipu ina nyaya mbili jirani. Mmoja una kingamwili za troponini, mwingine kingamwili za kitu kisichokuwamo kabisa. Chumvi au elektrodi ikicheza, nyaya zote mbili zinacheza, na mimi natazama tofauti yao tu. Nilizikataa nyaya za kulinganishia kwa mwaka mzima kwa sababu zinakula nafasi ya chipu. Leo ningetoa nusu ya chipu kwa ajili yake, na ndivyo nilivyofanya.

Tatu, nimeacha kingamwili nzima na kutumia kipande chake kinachokamata tu, ili protini ishuke karibu na uso. Na waya umerudi nanomita 50.

Nanomola 10 ileile, sasa: waya wa troponini umesogea milivolti 3.1. Wa kulinganishia, 0.8. Tofauti ni 2.3, imejikusanya polepole kwa dakika 12, na tulipoosha kwa bafa haikuondoka.

Ukiiweka karibu na ile 18 inaonekana kama mkwaruzo kwenye skrini. Sijaipiga picha. Lakini haiondoki, na kutoondoka huko ndiko ninakokuamini kuliko namba yenyewe.

Ile 0.8 hainipi usingizi mzuri. Troponini ni protini inayonata, ina chaji chanya, na oksidi yoyote yenye chaji hasi ni makao yake. Huenda inajibandika hovyo kwenye waya wa kulinganishia. Kama ni hivyo, inajibandika hovyo kwenye ule mwingine pia, na sehemu ya ile 3.1 si ya kukamatwa bali ya kunata. Albumini, protini ya kuzibia nafasi tupu juu ya waya, imepunguza kunata huko, haijamaliza.

## Damu bado iko mbali

Wanaosoma hapa mara kwa mara watauliza, na damu je? Damu ina chumvi yake, urefu wa Debye haufiki nanomita 1, na huwezi kuomba mgonjwa azimuliwe mara 100.

Njia zipo. Unaweza kukamatia kwenye damu, ukaosha, ukasomea kwenye bafa nyepesi. Naiona ndiyo njia ya kweli kwa protini kubwa. Unaweza kufunika waya kwa polima inayopunguza uzingiraji wa ioni karibu na uso, kama kundi la Lieber lilivyofanya mwaka 2015. Au unaacha kingamwili kabisa na kutumia aptama, uzi mfupi wa DNA unaojikunja unapokamata na kuzisogeza chaji zake wenyewe karibu au mbali na uso. Mwaka 2018 Nako Nakatsuka na wenzake walisoma serotonini na dopamini namna hiyo, kwenye chumvi ya mwilini bila kuzimua. Hiyo ya mwisho naipenda kwa sababu imeacha kushindana na chumvi: kinachosogea ni aptama, na aptama iko ndani ya umbali unaosikika.

Siku hizi, nikisoma makala yoyote inayosema "kihisi chetu kinafanya kazi kwenye damu", naruka picha zote na kwenda kwenye aya ya elektrodi rejea. Mara nyingi ni sentensi moja. Mara nyingine haipo.

Ile grafu ya zamani nimeiondoa kwenye slaidi, na nimewaandikia watu wanne niliowahi kuwaonyesha. Watatu wamejibu kwa upole. Wa nne amejibu kwa swali moja tu, kuhusu uzi wake wa fedha.

Jumatatu tunarudia na chupa mpya ya troponini na albumini mara mbili ya ile ya kwanza. Vichupa vitatu vya bafa tupu viko tayari kwenye friji, vimeandikwa upitishaji umeme wake ubavuni. Mama ameomba kuwapo. Amesema atakuja kutazama bafa tupu. Hiyo ya troponini tutamsimulia.